Deki ya Mzee Ilivyonitoa Ushamba

Msomaji wangu, wewe uliyezoea kutazama filamu kwenye simu huku umebanwa ndani ya daladala, leo naomba nikupeleke Milepa. Ndiko nyumbani, chini kabisa kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Unatoka Sumbawanga mjini alfajiri umevaa koti, maana baridi ya Ufipa haina adabu, ukifika bondeni unatafuta pa kulitupa. Vumbi ndiyo usiseme. Na mimi siku hiyo nimekumbatia boksi kama mtoto mchanga.

Ndani ya boksi kulikuwa na hom thieta. Deki ya DVD, spika tano na sabufa moja. Posho za makala za miezi minne ziliishia humo, lakini sikujuta. Mzee wangu miaka ya 2000 ndiye aliyekuwa na banda la video pale kijijini. Jenereta, TV ya chogo ya inchi 21, deki, na mabenchi ya magogo. Watoto shilingi hamsini, wakubwa mia. Sare zangu za shule na madaftari vilitoka kwenye hizo hamsini hamsini. Simu zilipoenea banda likafa lenyewe, ila deki yake ya VCD aligoma kuiuza. Mpaka leo anaifuta lenzi kwa pamba na spiriti kama muuguzi.

Basi bwana, nikafunga mitambo kwenye TV bapa ya inchi 32 aliyoinunua dada, sebule ikajaa majirani, nami nikaanza kujitapa. Nikawaambia VCD ni kitu cha mwaka 1993, picha yake ina nukta 352 kwa 288 tu. DVD iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 ina 720 kwa 576, yaani mara nne na kidogo. Nikaongeza na Blu-ray ya mwaka 2006, yenye 1920 kwa 1080, japo sijawahi kuwa nayo. Mzee akaniuliza kitu kimoja tu: "Hiyo yako haikati filamu katikati?" Maana CD moja ya VCD hubeba kama dakika 74, kwa hiyo filamu ilikuja kwa CD mbili. Pale banda zima lilisubiri abadilishe, na mama akautumia mwanya huo kuuza karanga. Nikamwambia haikati. Akaguna. Nadhani alizikumbuka zile karanga.

Nikatia DVD ya kwanza, ile ya sokoni yenye filamu 12 kwa mpigo. Kha! Mdogo wangu akasema, "Kaka, huyu jamaa uso wake mbona kama vigae?" Nikaona haya. Lakini hesabu si ngumu. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Gawanya kwa 12, kila filamu inapata megabaiti 390 hivi. Filamu hiyohiyo kwenye CD mbili za VCD ingekula karibu gigabaiti nzima. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua DVD yenye chakula kidogo kuliko VCD. Hapo hata mashine ya mfalme haiokoi.

Mzee kimyakimya akaleta deki yake na ile TV ya chogo. Picha ikatoka laini, haina makali lakini haina vigae. Kijiwe kizima kikamshangilia. Nami sikukubali, nikachomoa waya wa njano nikauhamishia kwenye TV bapa. Vigae vikarudi. Kumbe chogo lilikuwa linamsitiri, kioo kidogo kinaficha mengi. Halafu nikaweka DVD halisi, filamu moja tu ndani yake, na hapo ndipo nilipovuta pumzi: majani unayahesabu, mvua inanyesha nyuma ya kisogo. Kwa picha nilishinda, sina wasiwasi.

Sauti ndiyo ilinimaliza.

Usiku mzee akaomba filamu yake anayoipenda, iliyotafsiriwa na Lufufu, yule aliyejipatia jina kwa kuzizungumzia filamu za nje kwa Kiswahili. Nikawasha kitufe cha saraundi, nikaongeza sabufa mpaka vikombe vikacheza kabatini. Watu wakacheka, mzee akacheka. Ila niliona anacheka nyuma yetu, kama anayetazama nyuso zetu kwanza. Nikamuuliza, "Baba, iko poa?" Akajibu, "Nzuri sana, mwanangu."

Nilipokwenda jikoni mama akaninong'oneza. "Baba yako sikio la kushoto halisikii, tangu mwaka jana. Hataki mjue." Mwenyewe analilaumu lile jenereta, miaka yote alikaa nalo ubavuni.

Nilirudi sebuleni nikamtazama alivyokaa siku zote na deki yake: kigoda upande wa kushoto wa TV, sikio la kulia limeielekea. Mimi nilidhani ni mazoea ya kizee.

Kwenye DVD halisi yenye sauti ya spika tano na sabufa, maneno mengi hutoka spika ya katikati. Lakini filamu ya kutafsiriwa ina njia mbili tu za sauti, na mkalimani yumo sawasawa katika zote. Saraundi ya mashine za bei yangu hutafuta upana kwa kupunguza kile kinachofanana pande zote mbili. Yaani nilikuwa namfuta Lufufu kwa mkono wangu.

Nikazima saraundi. Nikashusha sabufa karibu ya kimya. Nikachomoa spika mbili za nyuma, na moja ya mbele nikaileta karibu na kigoda, usawa wa sikio la kulia.

Mzee akaniangalia. "Mbona spika zimepungua?"

"Zimekufa njiani, baba. Vumbi."

Akanitazama muda mrefu. "Basi kawadai hela yako," akasema, akageukia TV. Lufufu akatupia neno, na mzee akacheka kabla yetu sote.

Zile spika nimerudi nazo Sumbawanga, ziko chini ya kitanda na ni nzima. Bei maelewano.