Kisima Kilichofichwa

Nimezaliwa Gisenyi, Rwanda, mahali ambapo ardhi haifichi mambo yake. Nyamyumba maji yanachimbuka yakiwa ya moto, ndani ya ziwa Kivu mna methani, na mara nyingi usiku tumeona wekundu wa volkano ya Nyiragongo juu ya mawingu. Basi niliposomea jiolojia niliamini kwamba ukishapata picha nzuri ya mitetemo, ardhi umeshaijua.

Kazi iliyonibadilisha ilikuwa ya mafunzo tu. Tulipewa data za mitetemo na za visima vinne, tukaambiwa tukadirie kiasi cha vitundu katika mwamba wa mchanga uliolala kilomita mbili chini. Mantiki yake ni nyepesi. Ndani ya kwarzi, madini ya mchanga huo, sauti hukimbia karibu mita 5,500 kwa sekunde. Ndani ya maji, kama 1,500. Vitundu vyenye maji vikizidi, mawimbi yanachelewa. Visima vinakuonyesha uhusiano huo mita kwa mita, nawe unautumia kusoma mitetemo ya eneo zima. Ramani yangu ilitoka nyekundu na manjano, rangi za vitundu vingi. Nililala nikiiwaza.

Asubuhi mkufunzi akatoa data za kisima cha tano alichokuwa amekificha. Vitundu havikufika hata nusu ya nilivyotabiri. Palikuwa na gesi, na gesi hata ikiwa kidogo huchelewesha mawimbi, kwa hiyo mwamba mgumu nilikuwa nimeusoma kama sifongo. Iliniuma sana, maana nimekulia kando ya ziwa la gesi.

Hapo ndipo nilipoielewa habari ya mlima Karisimbi. Mwaka 2013 nchi yetu ilianza kuchoronga huko kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Kisima cha kwanza kilipita mita 3,000, na hifadhi ya maji moto haikupatikana. Zamani nilikuwa nikilaumu fedha zilizotumika. Sasa nakiheshimu kisima kile: kilitoa jibu ambalo vipimo vya juu ya ardhi havikuweza kulitoa.

Tangu siku ile sipeleki namba moja peke yake. Naandika makadirio ya chini na ya juu, na kila mara kisima kimoja nakiweka kando kije kunisahihisha.

Januari 2025, ilipotangazwa kwamba kuna dalili za mafuta chini ya Kivu, shangazi alinipigia simu kwa furaha. Nilikwenda kwake. Uani niliokota mawe mawili meusi ya volkano, nikayatumbukiza kwenye beseni la maji. Moja likatoa mapovu mfululizo. La pili likatulia kimya.

"Kumbe kwa nje yanafanana," akasema. "Na la huko ziwani ni lipi, mwanangu?"

"Bado hawajachoronga, shangazi."

Akalitoa lile la mapovu, akalipima uzito kiganjani huku maji yakimchuruzika hadi kiwikoni, kisha akaliweka dirishani.