Kabati, Meza na Meinfremu

Wanachuo wenzangu wa ualimu mnaosoma kompyuta, tukubaliane jambo moja: yeyote kati yetu ukimwamsha saa nane usiku atakutajia aina nne za kompyuta bila kukosea. Supakompyuta, meinfremu, minikompyuta, maikrokompyuta. Imo kwenye madesa tangu sekondari. Ukimuuliza meinfremu inafanya nini, atasema ni kubwa, ni ghali, inatumiwa na mabenki. Basi, imeisha hiyo.

Nilianza kuichukia orodha hiyo mwaka jana, nilipokuwa nabukua kwa ajili ya UE nikakutana na tatizo moja ambalo mashine hizo zililitatua. Desa linasema kuna kumbukumbu, ya haraka lakini ndogo, na kuna diski, yenye nafasi kubwa lakini ya polepole. Programu ikitaka data za kwenye faili inaomba kipande, kinanakiliwa kwenye kumbukumbu, inakifanyia kazi, inaomba kingine. Anayehangaika ni mwandishi wa programu: kipi kimeingia, kipi kitoke, nafasi imebaki kiasi gani.

Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua Atlas. Kumbukumbu yake ya haraka ilibeba maneno 16,384 tu, na nyuma yake kulikuwa na ngoma za sumaku zenye nafasi kubwa zaidi. Kundi la Tom Kilburn liliifanya mashine yenyewe ihamishe kurasa za maneno 512 huku na huku, programu ikiona ghala moja tu. Kisha ikaja Multics, kazi ya MIT, Bell Labs na General Electric, ambako faili lenyewe likawa sehemu ya kumbukumbu. Hakuna cha kuomba kipande. Unataja anwani, na ukurasa unaletwa pale unapoguswa. Miaka ya 1980 IBM nao wakaweka kitu cha namna hiyo kwenye mfumo wao wa MVS: programu inafungua dirisha juu ya faili na kuliona kana kwamba limo lote kwenye kumbukumbu, kurasa za baiti 4,096. Sharti ni moja. Ulichobadilisha hakiingii kwenye faili mpaka programu itoe amri ya kuhifadhi, na hapo zinaandikwa kurasa zilizobadilika tu.

Hayo nikaenda nayo field. Kidato cha tatu kilikuwa na wanafunzi 58 na kompyuta zinazowaka zilikuwa tatu, kwa hiyo nilichana kaunta buku, nikazipa kurasa 40 namba na kuzifungia kabatini. Meza ya mbele nikasema inabeba kurasa nne tu. Mvulana mmoja akawa mfumo endeshi, kazi yake kukimbia kabatini. Msichana mmoja akawa programu: anataja namba, anasoma, hajali ukurasa uko wapi. Akataja 7, ukaletwa. 12, 30, 31. Akataja 7 tena, upo, akasoma papo hapo. Akataja 19. Meza imejaa!

Darasa likalipuka. Wengi walitaka 7 utoke kwa kuwa ndio uliotangulia kuingia. Kijana wa nyuma, ambaye wiki tatu nzima sikuwahi kumsikia, akasimama: "Hapana mwalimu, 7 ameusoma sasa hivi, atautaka tena. Utoke 12." Hilo sikuwa nimewafundisha. Halafu programu akaandika kwa kalamu kwenye ukurasa wa 30, wakaanza kubishana kama ukitoka unatupwa au unarudishwa kabatini, na mmoja akauliza, "Umeme ukikatika kabla haujarudi?" Kengele ikagonga tukiwa hapo hapo.

Mkaguzi wangu alikuwa amekaa nyuma. Alinipa alama ya chini kuliko zote nilizopata field: nimetoka nje ya andalio la somo, na hayo hayatoki kwenye mtihani wa taifa. Mwalimu mwenyeji, mzee wa watu, alinivuta pembeni. "Mwanangu, watoto hawa watapimwa kwa orodha. Wape orodha kwanza." Sikumjibu, kwa sababu ana hoja. Swali la aina za kompyuta likiwapita, mimi siumii. Wanaoumia ni wao na wazazi wao wanaouza mahindi kuwasomesha. Ila yule kijana wa nyuma alisema neno lake la kwanza kwa sababu ya kabati, na orodha alikuwa nayo kwenye daftari tangu kidato cha kwanza.

Alama ya field inaingia kwenye GPA, na kuna field nyingine Julai. Nimepanga dakika kumi za mwanzo ziwe za orodha, waandike tumalize. Zinazobaki ni kabati na meza. Kama unajua namna ya kuliandika hilo kwenye andalio la somo likapita mbele ya mkaguzi, nitafute kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba. Jioni huwa niko pale.