Maji, Udi na Majina ya Watu

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Kibagabaga wanajua kusoma watu kabla ya kusoma vitabu. Mtoto aliyekulia njiani anajua, kwa jinsi mlango unavyogongwa, kama mwenye nyumba amekuja kudai pesa ya mwezi au anasalimia tu. Anajua sauti ya askari anayetaka karatasi na sauti ya askari anayetaka kitu kingine. Kwa hiyo mtu akiniambia kuchambua wahusika na ishara ni mambo ya watu wa chuo kikuu, mimi nacheka. Kuchambua tunachambua kila siku. Tunachokosa ni vitabu, na muda wa kukaa navyo.

Kikundi chetu kinakutana Jumamosi mchana katika chumba cha kupanga, si mbali na hospitali. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunachelewa kuanza kwa sababu ya umuganda. Wengi tumetoka Kivu, wachache wametoka Burundi. Mimi nilimaliza sekondari, basi, diploma ya fasihi sina. Nakala zetu ni chache, kitabu kimoja kwa watu watano au sita, hivyo mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza. Kitabu kikiwa cha Kiingereza, nasoma ukurasa halafu nausimulia kwa Kiswahili.

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwa njia ya jedwali. Upande huu jina la mhusika, upande ule sifa zake. Upande huu ishara, upande ule maana yake. Njiwa ni amani, giza ni ujinga. Ukiandika hivyo unapata alama zako na unaenda nyumbani. Sisemi jedwali ni baya, linasaidia kuanza. Tatizo ni kwamba watu wengi wanaishia hapo, na jambo hilo lina madhara hata nje ya vitabu, kama nitakavyoeleza.

Tulianza na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Kitabu hiki hakigombani na jedwali, kwa sababu mwandishi mwenyewe ameweka sifa ndani ya majina. Mshtaki anaitwa Majivuno, mshtakiwa anaitwa Karama. Karama anapelekwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha watu mambo ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi kutafuta mambo mema. Kila mmoja alirudi na mema hayo, na kila mmoja akatupwa gerezani. Mwisho Karama anashinda na wafungwa wanaachiliwa.

Nchi yenyewe, Kusadikika, iko angani. Wahakiki wengi wanasema hiyo ni Tanganyika ya wakoloni iliyofunikwa shuka. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo ya kikoloni. Asingeweza kuandika waziwazi kwamba watawala wanafunga watu wanaoleta ukweli, kwa hiyo akaipandisha nchi hewani, akawapa watu majina ya tabia, akasema yote. Hapo vijana walielewa jambo la kwanza: ishara si pambo. Mara nyingi ni njia ya mtu asiyeruhusiwa kusema.

Lakini binti mmoja aliyezaliwa kambini hakutosheka na habari za wakoloni. Alisema, "Yaya, hii inchi ya hewani ni ya kwetu. Batu wakiniuliza kwetu wapi, nataja mahali sijakanyaga. Mimi kwetu ninasadiki tu." Chumba kizima kilicheka, halafu kikanyamaza. Shaaban Robert hakumwandikia binti huyu, na maana aliyoiona haimo katika jedwali lolote. Ila ukirudi kwenye kitabu unaona haikupachikwa kwa nguvu. Jina la nchi linaikubali.

Kitabu kilichotushika koo ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Inahusu vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanzania ya leo, wakati Wajerumani walipowalazimisha watu kulima pamba. Kinjeketile anaingia mtoni, watu wanadhani amekufa, anatoka akiwa hai na habari ya maji yatakayowakinga na risasi. Kwenye jedwali utaandika: maji, ishara ya umoja. Na ni kweli, maana watu waliokuwa wanagombana wao kwa wao wanakusanyika kwa ajili ya maji hayo.

Chumbani kwetu hakuna aliyeandika. Kwetu Kivu maji hayo hayako kitabuni. Mai-Mai wamechukua jina lao kwenye maji, na hata kabla yao, waasi wa Simba wa mwaka 1964 walikwenda vitani wakiamini dawa na maji. Kijana mmoja, mtu wa maneno machache, alisema polepole: "Kaka yangu walimumwangia ile mayi." Hakuongeza. Hakuna aliyemuuliza kilichofuata, kwa sababu namna alivyosema ilitosha.

Baadaye akauliza mwenyewe: "Sasa huyu Kinjeketile alijua ni bongo?" Bongo kwetu ni uongo. Hilo ndilo swali la tamthilia nzima, na Ebrahim Hussein hakulijibu kirahisi. Kinjeketile anaamini, halafu anaanza kutia shaka. Anataka watu wangoje, wajitayarishe kwanza. Watu hawangoji. Neno limeshamtoka na limekuwa na nguvu kuliko yeye. Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani, nao wanataka akiri mbele ya watu kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Tuligawanyika hapo. Wengine walisema ni kiburi tu, mtu mkweli angekiri ili vifo visiendelee. Wengine walisema kukiri kungewafanya wote waliokufa waonekane wajinga, na Mjerumani angeshinda mara mbili. Yule kijana alisikiliza kila upande. Halafu akasema kwamba kama Kinjeketile angekana, kaka yake amekufa bure, na kama hakani, kesho mtoto mwingine atamwagiwa maji. Hatukupata jibu, na mimi sikujaribu kulilazimisha. Kama mwezeshaji, kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuhakikisha hakuna anayefunga mjadala kwa kuandika "umoja" ubaoni. Ndipo tukaelewa jambo la pili: ukikutana na ishara, usiulize tu maana yake. Uliza pia nani ameibeba, na nani amelipa.

Ishara ya tatu ni ndogo, inaingia mfukoni. Ni kijaluba cha udi katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea, ya mwaka 2001. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akafika Uingereza akiwa mkimbizi kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise tunayo kwa Kiswahili tangu 2022, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. By the Sea niliisimulia mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi.

Mzee wa miaka 65, Saleh Omar, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti ya jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Afisa wa uhamiaji, Kevin Edelman, anapekua mzigo wake, anakuta udi, anauchukua. Mwenyewe afisa huyo ni mtoto wa wakimbizi kutoka Romania. Anamwona mzee mchovu aliyetoka mbali, asiyejua lugha, na maisha ya miaka 65 yaliyosimama mbele yake hayaoni.

Vijana walimjua Edelman mara moja. Nani kati yetu hajakaa mbele ya meza, mtu anafungua dosiye, anaangalia karatasi kuliko uso? Wote wakakubaliana haraka kwamba udi ni nyumbani, na afisa amemwibia mzee nyumbani kwake. Jibu zuri. Nikawaambia tuendelee kusoma.

Kwa sababu udi ule una historia. Saleh Omar aliupata kwa Hussein, mfanyabiashara aliyekuja na msimu wa pepo kutoka Bahrain. Hussein huyohuyo alikopa pesa kwa Saleh na kumwachia rehani hati ya nyumba ya mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Hussein hakurudi. Saleh akadai nyumba ile kisheria na akaipata, familia ya Rajab ikatoka. Baadaye watu wenye nguvu wakamgeukia Saleh naye. Nyumba ikaenda, akafungwa miaka kumi na moja, mke na mtoto wake wakafa akiwa ndani. Na jina lililo kwenye pasipoti yake ya uongo ni lipi? Rajab Shaaban Mahmud. Huko Uingereza, anayetafutwa kuja kumkalimania ni Latif, mtoto wa Rajab.

Sasa chumba kikawaka moto. "Muzee mwizi huyu! Alikula nyumba ya batu kwa karatasi!" "Karatasi ilikuwa ya kweli!" "Hata kama!" Haikuwa tena hadithi ya Zanzibar. Kwetu hakuna neno linalouma kama parsele. Mmoja ana baba ambaye kiwanja chake kule nyumbani kina mtu mwingine. Mwingine anajua, ingawa hasemi nyumbani, kwamba kile walichokiacha wao kilikuwa na mwenyewe kabla yao. Wawili hao wanakaa benchi moja. Wasingeweza kamwe kuzungumza habari za baba zao uso kwa uso. Za Saleh na Rajab walizungumza mpaka giza likaingia, kila mmoja akimtetea wa upande wake, na kila mmoja, mara moja moja, akimtetea wa upande wa pili.

Udi bado ni nyumbani. Ila nyumbani ni pamoja na deni. Harufu ileile nzuri imetoka kwenye biashara iliyomtoa mtu mlangoni kwake. Anayemwona Saleh kama mzee aliyeonewa tu, anamsoma kama Edelman alivyomsoma, kwa huruma zaidi lakini kwa haraka ileile.

Hapo ndipo madhara niliyosema. Nje ya chumba chetu sisi wenyewe ni ishara. Mkimbizi kwenye picha ni hema, foleni, mtoto mwenye macho makubwa. Sifa zetu ziko kwenye jedwali la watu: anahitaji, anashukuru, anavumilia. Hata sisi tumezoea kujieleza hivyo, maana ndivyo tunavyoulizwa. Kijana akizoea kumwona Saleh Omar mzima, na ubaya wake na hasara yake, siku moja atajiona na yeye hivyo. Atamwona hivyo pia jirani aliyetoka upande mwingine wa mto.

Kwa hiyo tumeanza zoezi. Kila mtu anaandika kuhusu mtu wa nyumbani kwao, na ni marufuku kutumia neno la sifa. Huruhusiwi kuandika kwamba mama yako ni mvumilivu. Andika anachofanya na pesa inayobaki mwisho wa mwezi. Binti mmoja ameandika kuhusu shangazi yake anayeuza nguo sokoni Kimironko. Kila jioni anahesabu pesa mara tatu, na mara ya tatu anageukia ukutani. Tulibishana nusu saa kwa nini anageuka. Wengine wanasema anaficha, wengine wanasema anasali, mmoja anasema anahesabu za mtu ambaye hayupo. Mwandishi anajua, lakini amekataa kutuambia. Amesema Jumamosi ijayo ataleta ukurasa wa pili.