Mimi Nanusa Tu

Jioni ile Bibi alinikuta barazani, daftari magotini, nikiandika: ndimu, chumvi, tofaa bichi, jiwe lililonyeshewa.

"Waandikani, mwanangu? Dawa?"

"Mambo ya kazi, Bibi."

Sikudanganya, lakini kweli yote pia sikuisema. Nyumbani Kibokoni wanajua nafanya kazi mkahawani, ng'ambo ya daraja la Nyali, nabeba samaki na kamba. Hawajui kwamba tangu mwaka jana nabeba na chupa. Mgeni akiuliza mvinyo gani uende na chakula gani, wa kumjibu ni mimi, kijana wa madrasa ambaye hajawahi kumeza hata tone.

Chupa iliyonisumbua zaidi ni Albariño. Huu ni mvinyo mweupe wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, pembeni mwa Atlantiki, kule ambako mvua haina mchezo. Mizabibu huinuliwa juu ya uchanja wenye nguzo za mawe ili upepo upite chini, zabibu zisioze. Humiminwa ukiwa baridi, nyuzi 8 hadi 10 hivi. Mkufunzi aliyetoka Nairobi alitupanga mstari: nusa, onja, tema kwenye ndoo. Wenzangu wakaonja. Mimi nilinusa, kisha nikaanza kuwauliza: ulimi unafanya nini? Mate yanatoka wapi, pembeni au katikati? Walinicheka, lakini walijibu, nami nikaandika. Mkufunzi alitaja matunda ambayo Marikiti sijawahi kuyaona. Nikayafuta, nikaweka langu: embe bichi la Mama Ngina, lenye chumvi, kabla halijatiwa pilipili.

Kuoanisha na chakula ndiko kulikonitoa jasho. Pweza alikuwa rahisi, maana Wagalicia wenyewe wanampenda: humchemsha, wakamkata kwa mkasi, wakamtia chumvi, paprika na mafuta ya zeituni. Ukimwambia mgeni hivyo, ameshaagiza. Biriani nililikataa kabisa. Masala yale yangeufunika mvinyo wote, pesa ya mtu ipotee bure. Lakini samaki wa kupaka, na tui lake zito, alinishinda. Nikamwendea mtaalamu.

"Bibi, samaki wa kupaka ataka nini pembeni, mtu asikinai?"

"Ndimu. Tui hufunga ulimi, ndimu huufungua."

"Na pilipili je?"

"Ikizidi, ndimu haikufai, yazidi kukuchoma. Punguza pilipili."

Kesho yake nikamwomba mpishi apunguze pilipili, na meneja akaandika Albariño kando ya samaki wa kupaka kwenye menyu. Sahani na chupa zikawa zinatoka pamoja. Mgeni mmoja Mhispania aliniuliza kama watu wa kwao walishawahi kuwa na habari na mji huu. Nikamwambia Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya Philip wa Pili, mfalme wao, ambaye wakati huo alikuwa anaitawala na Ureno. Alinyamaza kidogo, akaagiza glasi nyingine. Mwezi ule bakshishi ndiyo iliyomalizia karo ya mdogo wangu, kwa hivyo wanaoniambia niache tu kazi, kana kwamba ni kubadilisha shati, huwa siwajibu.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakula, mimi na Bibi peke yetu.

"Hiyo ndimu yako ya kazini," akasema bila kuniangalia, "yauzwa kwa chupa?"

Sijui nani alimwambia. Mji wa Kale ni mdogo, na tuktuk zina masikio.

"Ndio, Bibi."

"Wainywa?"

"Wallahi siinywi. Mimi nanusa tu."

Akachambua mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Na mwenye kuibeba je?"

Jibu lake tulifundishwa madrasani, na yeye ndiye aliyekuwa akinishika mkono kunifikisha mlangoni. Sikusema kitu. Nilisikia pikipiki ikipita uchochoroni, halafu kimya. Bibi akanisogezea kipande cha shingoni, kile ambacho huwa hampi mtu, na nusu ya ndimu.

"Kamua," akasema. "Tui limekuwa zito leo."