Arabuni na Siku ya Kudaiwa

Arabuni ni miongoni mwa maneno ya biashara ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu na kuyafanya yake, ingawa ni nadra kulisikia likitajwa madarasani. Maana yake si ngumu. Ni fedha kidogo anazozitoa mnunuzi ili mwenye mali amwekee mali hiyo asimuuzie mwingine. Mnunuzi akirudi na fedha zilizosalia, arabuni huhesabiwa kuwa sehemu ya bei; asiporudi, aghalabu huipoteza. Neno lenyewe limesafiri mbali. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu siasa, anasimulia jinsi Thales wa Miletus, mwanafalsafa aliyechekwa kwa ufukara wake, alivyotambua kwa kuzitazama nyota kwamba mizeituni ingezaa sana mwaka uliofuata. Kungali majira ya baridi, akatoa fedha kidogo kwa wenye vinu vyote vya kukamulia mafuta huko Miletus na Chios, akavishika. Mavuno yalipoingia, kila mtu alivitaka vinu kwa wakati mmoja, naye akavikodisha kwa bei aliyoitaka mwenyewe. Neno analolitumia Aristotle kwa fedha zile ni arrabon, ambalo Wagiriki walilipata kwa wasemaji wa lugha za Kisemiti. Kwa hiyo mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale na mnunuzi wa kiwanja mjini Malindi wanachangia neno moja.

Kisa cha Thales husimuliwa daima kwa upande wa Thales. Haulizwi mwenye kinu. Ilhali mwenye kinu ndiye aliyepokea fedha wakati wa baridi, hapana mshindani, akaziona kuwa fedha za bure. Alichokiuza si kinu, kwani kinu kilibaki uani kwake. Aliuza uwezo wa kuamua. Na tangu siku ile akawa mtu wa kungoja uamuzi wa mwingine.

Biashara ya namna hii ilipata soko lake rasmi mjini Chicago tarehe 26 Aprili 1973, ilipoanza mikataba ya opsheni kwa hisa za kampuni 16. Opsheni, ambayo yafaa iitwe hiari, ni haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei ya mapatano, na kwa kawaida mkataba mmoja hubeba hisa 100. Mnunuzi hulipa ada, akawa mwenye hiari. Muuzaji huipokea ada, akawa na wajibu. Tofauti na arabuni, ada hii haihesabiwi kamwe kuwa sehemu ya bei, ikishalipwa imelipwa. Tofauti ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Iko mikataba inayoweza kutekelezwa siku ya mwisho peke yake, nayo huitwa ya mtindo wa Ulaya. Na iko ile ya mtindo wa Marekani, ambayo mwenye hiari anaweza kuitekeleza siku yoyote ya kazi kabla ya kikomo. Majina hayo hayahusu jiografia. Mikataba ya hisa za kampuni mojamoja katika masoko ya Marekani ni ya mtindo huo wa pili, na humo ndimo muuzaji anamoweza kudaiwa mapema kuliko alivyotazamia.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka pwani ya Kenya, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anahudumu katika nyumba ya wazee huko Minnesota, aliyajua haya yote kwa kuyasoma. Alikuwa na hisa 100 za kampuni moja, alizozinunua kidogo kidogo hadi zikamgharimu dola 4,600, yaani dola 46 kwa kila hisa. Hakuzinunua ili aziuze. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba hizo ni za binti yao, zisiguswe hadi aingie chuo kikuu. Hata hivyo aliona si vibaya mali iliyolala ilete kitu, akauza hiari ya kununua kwa bei ya mapatano ya dola 50, muda wa miezi mitatu, akapokea dola 120. Hesabu yake ilikuwa rahisi: bei isipofika 50, ada ni yake na hisa ni zake, ikipita, ataikomboa hiari yake sokoni kabla ya siku ya mwisho.

Bei ilipanda hadi dola 58. Hakushtuka. Alikuwa amesoma kwamba Robert Merton, mwaka huohuo wa 1973, alithibitisha kuwa mwenye hiari ya kununua hisa isiyotoa mgao wa faida hana sababu ya kiuchumi ya kuitekeleza kabla ya kikomo. Akitaka fedha, ni afadhali aiuze hiari yenyewe, maana hiari hai ina thamani ya wakati ambayo hufa papo hapo inapotekelezwa. Kanuni hiyo ni sahihi. Lakini ndani yake mna kirejeshi, “isiyotoa mgao”, na mwalimu aliyewafundisha wanafunzi wake kwa miaka kwamba kirejeshi huibana nomino alikipita kama mtu apitaye kibao njiani. Hisa zake zilikuwa zikitoa mgao.

Hesabu ya mwenye hiari, popote alipokuwa, ilikuwa hivi. Hiari ilikuwa na thamani ya dola 8 na senti 10. Dola 8 ni tofauti ya bei; senti 10 pekee ndizo zilizosalia za wakati. Kesho yake ilikuwa siku ya kutengwa kwa mgao wa senti 75 kwa kila hisa, ambapo anayenunua hisa siku hiyo haupati tena, na bei ya hisa hushuka kwa takriban kiasi hichohicho. Mwenye hiari akingoja, bei itashuka naye asipate mgao. Akitekeleza leo, atatupa senti 10 na kuzipata 75. Hakuna haja ya kuwa Merton ili kuona lililo bora. Asubuhi ya pili, kabla ya soko kufunguliwa, mwalimu alikuta taarifa kwamba hisa zake 100 zimeuzwa kwa dola 5,000. Mgao ulikwenda kwa mwingine. Kuzinunua tena kungemgharimu zaidi ya dola 5,700.

Kwa haki, haifai kuilaumu siku ile kwa hasara yote. Sehemu kubwa ya hasara ilikwisha kuingia bei ilipopita dola 50; hata kama angeikomboa hiari siku moja kabla, angelipa dola 810. Kilichochukuliwa kwa kuwahiwa ni dola 75 za mgao na ile nafasi ya kuamua mwenyewe. Ila nafasi hiyo ndiyo aliyomwahidi mkewe.

Alipompigia simu mjomba wake, dalali wa viwanja huko Malindi, mazungumzo hayakuwa marefu.

“Shikamoo mjomba. Zile hisa za mtoto zimechukuliwa. Nami sikuziuza, niliuza hiari tu.”

“Marahaba, mwanangu. Ulipokea arabuni?”

“Nilipokea.”

“Basi uliuza. Mliandikiana siku?”

“Iliandikwa siku ya mwisho, mjomba.”

“Ya mwisho hiyo. Na zilizo kabla yake ulimwachia nani?”

Mzee hakuwa akitania. Wanazuoni wa Kiislamu wameibishania arabuni kwa karne nyingi: madhehebu matatu kati ya manne ya Kisunni huikataa, yakiwemo ya Shafii yanayofuatwa sana pwani, na ya Hanbali huikubali. Baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lilipoiruhusu mwaka 1993, liliweka sharti kwamba muda wa kungoja uwe na mpaka. Wafanyabiashara nao wana desturi zao, na viwanjani swali la dalali huwa ni hilohilo la siku.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Methali hii hufundishwa kama maadili ya kutimiza neno, na hilo si kosa. Lakini haisemi deni litadaiwa lini. Muuzaji wa hiari za kuuza hulijua pengo hilo pia, kwa sababu nyingine. Yeye ameahidi kununua. Hisa ikianguka sana, mwenye hiari anaweza kuona ni heri azipate fedha za bei ya mapatano leo azizalishie riba, kuliko kungoja kikomo. Riba ilipokuwa karibu na sufuri sababu hiyo ilikuwa hafifu. Marekani ilipoanza kuipandisha mwaka 2022 ilipata nguvu tena.

Dai likitolewa, halimwendei aliyemuuzia huyo mwenye hiari, kwani sokoni hawajuani. Hupokewa na shirika la Options Clearing Corporation, ambalo huligawa kwa bahati nasibu miongoni mwa kampuni za uwakala zenye wateja waliouza mikataba kama hiyo. Kisha kampuni nayo humchagua mteja, ama kwa kura ama kwa kumtanguliza aliyeuza mwanzo. Wawili waliouza hiari ileile siku ileile wanaweza kuamka mmoja akiwa na hisa zake na mwenziwe hana.

Kuamka huko kumewahi kuleta msiba. Juni 2020 mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, mwenye umri wa miaka 20, alijitoa uhai baada ya kuona kwenye simu yake kwamba akaunti yake ina upungufu wa takriban dola 730,000. Aliuza hiari za kuuza na kununua nyingine za kumkinga. Zile alizouza zilimwangukia, ilhali kinga yake ilikuwa bado haijaingizwa katika hesabu aliyoonyeshwa. Hilo halikuwa deni lake halisi. Kwa mujibu wa kesi iliyofunguliwa na wazazi wake mwaka 2021, aliandika barua pepe zaidi ya mara moja kuomba maelezo, akajibiwa na mashine. Kijana huyo alikuwa na umri wa wengi wanaosoma jarida hili, na alichokikosa usiku ule ni mtu wa kumfasiria tarakimu.

Ndipo suala la istilahi linapoacha kuwa la darasani. Neno la Kiingereza la tukio hili ni lilelile analolitumia mhadhiri anapowapa wanafunzi kazi ya kuandika nyumbani, nalo halionyeshi nani ametenda wala nani ametendewa. Kiswahili hakiruhusu uficho huo kirahisi. “Kupangiwa” kuna kiambishi cha kutendea na cha kutendwa, humuweka wazi aliyefikwa, lakini huashiria mkono wa ofisi iliyokusudia. “Kudaiwa” ni sahihi kisheria, ila husahau kwamba mdai hamjui mdaiwa. “Kuangukiwa” kuna kura ndani yake, kama isemwavyo kura imemwangukia fulani. Na yamkini ndilo lililo karibu zaidi na ukweli.

Mwalimu amelichagua hilo. Wenzake kazini, Wakenya na Wakongo, walimwomba awaandikie maelezo mafupi kwa Kiswahili, naye akaandika ukurasa mmoja. Kichwa chake ni “Kuangukiwa kabla ya siku”. Chini yake ameandika majina ya kampuni ambazo hisa zao wenzake wanazo, na mbele ya kila jina tarehe nne za mwaka za kutengwa kwa mgao.