Vidole vya mama na picha mbili

Haya wadau, nimerudi. Najua nimewapotea karibu miezi mitatu, na kuna walionitumia meseji wakidhani nimedisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa wodi za magonjwa ya ndani, na msuli ulinibana mpaka bumu likaingia nikaja kujua siku ya tatu. Mnaonijua mtaelewa hali ilikuwaje, hehehe. Ila leo siandiki habari za bumu. Kuna jambo limenikaa kooni, bora niliseme.

Ilikuwa raundi kubwa ya Jumatano. Mama Dokta (ndivyo tunavyomwita daktari bingwa wetu, kwa heshima na kwa woga) akachomeka picha ya eksirei kwenye boksi la taa. Mikono miwili. Akaninyooshea kalamu: "Wewe kijana, soma."

Nikaona nafasi kati ya mifupa imebana, mgonjwa mwenyewe ni mama wa miaka hamsini na kitu, nikajibu fasta: osteoathraitisi, viungo vimechakaa kwa umri. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Mama Dokta akauliza swali moja tu: "Imebana wapi?"

Jasho likaanza kunitoka. Kumbe mkono una ramani yake. Osteoathraitisi hupenda vifundo vya mwisho, jirani na kucha, na vya katikati, na shina la dole gumba. Gegedu inalika upande mmoja zaidi ya mwingine, mfupa wa chini yake unakuwa mweupe na mgumu, na pembeni unaota vijichipukizi. Yaani mfupa unajaribu kujenga. Picha ile haikuwa na chipukizi hata moja! Iliyobana ni vifundo vya shina la vidole, pale unapokunja ngumi, pamoja na kifundo cha mkono, na imebana sawasawa pande zote. Mfupa wa jirani umefifia kama shati lililofuliwa sana, na kwenye kingo kuna vishimo vidogo kama panya kapita. Vifundo vya kwenye kucha vimepona kabisa. Huo ni ugonjwa wa rumatoidi. Hapo kinga ya mwili imegeuka kuushambulia utando wa ndani ya kiungo, na mfupa haujengi, unaliwa tu.

"Na jongo je?" akamrukia jirani yangu. Huyo alikuwa amedesa vizuri: jongo huanza ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi shina la kidole gumba cha mguu, hata shuka likigusa mtu anapiga kelele. Mwanzoni picha haina kitu. Miaka ikipita unaona mashimo yenye kingo zilizoning'inia, lakini nafasi ya kiungo inabaki nzima kwa muda mrefu. Mama Dokta akaongeza la kwake: kiungo kimoja kikivimba ghafla na mtu ana homa, usikae kusubiri picha. Vuta maji ya kiungo yakapimwe, maana kama ni usaha gegedu inaweza kuharibika ndani ya siku chache, na picha ya siku ya kwanza inaweza kuonekana safi kabisa.

Halafu akanigeukia tena, taratibu: "Kabla ya kunisomea picha, ulimuuliza huyu mama akiamka asubuhi vidole vinachukua muda gani kulainika?"

Sikumuuliza. Na hapo wadau ndipo nilipomkumbuka mama yangu.

Mama anakaa Muheza, anauza maandazi. Miaka miwili nyuma, nikiwa likizo, alinionyesha vidole vimevimba. Alikuwa ameshapigwa picha, ripoti ikasema mifupa haina tatizo. Mtaani walimwambia ni baridi yabisi, kama wanavyoambiwa wote, anayeumwa goti na anayeumwa mgongo. Mimi, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa pili, nikaishika ile picha juani, nikasema kwa sauti ya kidaktari: "Ni umri tu mama, usijali." Akaniamini. Si ndiye mwanawe anayesomea kazi hiyo? Tangu siku hiyo akawa ananunua diklofenaki duka la dawa. Zinapunguza maumivu kweli, ila rumatoidi inaendelea kula mfupa, na tumbo na figo navyo vinaumia.

Usiku ule nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mbona usiku?"

"Mama, asubuhi ukiamka vidole vinakaza muda gani?"

Akafikiri kidogo. "Mpaka jua lipande baba. Siku hizi unga anakanda mdogo wako. Mimi nachoma tu."

Mwenye osteoathraitisi naye hukaza asubuhi, ila kwa kawaida haifiki nusu saa, na maumivu yake huzidi jioni baada ya kazi. Mama alikuwa anakaza zaidi ya saa nzima, mikono yote miwili, na akijishughulisha ndiyo anapata nafuu. Yote hayo angeniambia miaka miwili nyuma kama ningeuliza. Mimi niliuliza picha.

Jumamosi nikapanda basi Mbezi kwenda kumchukua. Nikambinya vifundo vya ngumi, taratibu tu, akavuta mkono. Kliniki wakampima damu, wakampiga picha mpya. Nikaomba niziweke zote mbili kwenye boksi la taa, ya zamani kushoto, mpya kulia. Ya zamani ni safi kweli, aliyeandika ripoti hakukosea. Ya kulia ina vishimo viwili, kimoja kwenye kidole cha shahada.

Nimekuja kusoma kwamba vigezo vya rumatoidi vya 1987 vilikuwa saba, na kimojawapo kilikuwa mabadiliko kwenye picha. Vilipopangwa upya 2010, alama zikawa kumi, ukifikisha sita unahesabiwa kuwa nayo, na zinatokana na viungo vingapi na vipi vimeguswa, vipimo vya damu, na kama imepita wiki sita. Picha haimo kwenye alama hizo. Wakubwa walishaona kwamba ukisubiri mfupa uonyeshe shimo, umechelewa. Picha hukuonyesha kilichokwisha kuliwa.

Sasa mama anatumia methotreksati, mara moja kwa WIKI (siyo kila siku, hiyo ni sumu!), pamoja na asidi ya foliki, na anapimwa damu kuangalia ini na seli. Dawa yenyewe inachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi. Vishimo vile viwili havitegemewi kuzibika, tunachoomba ni cha tatu kisije.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Ulikuwa bado unasoma." Bado nasoma, mama.

Jumapili iliyopita kanipigia mwenyewe, mapema, saa moja asubuhi: kafunga vifungo vya gauni bila kusaidiwa. Ya kukanda unga bado.

Basi wadau, mkienda likizo waulizeni wazee wenu lile swali la asubuhi. Nakimbia, kesho raundi.