Usafi wa Sakafu ya Jikoni

Mabibi kadhaa wa huku Nanganga wameniuliza, Je, iko njia nyepesi ya kusafisha sakafu ya jikoni, isiyomchosha mtu wala kumpotezea asubuhi yake? Swali hili ni jema, wala si swali la wavivu. Mwanamke wa kwetu huamka kabla ya jogoo, huenda shambani, hurudi na mzigo wa kuni, na jiko lamngoja pamoja na majivu ya jana. Basi nitajibu kadiri nilivyofundishwa na wazee wangu, na kadiri nilivyoona katika nyumba nyingi za bonde hili la Lukuledi.

Neno la kwanza ni hili: sakafu haisafiki kwa nguvu za mkono, wala kwa wingi wa maji. Husafika pale uchafu unaponyimwa mahali pa kujificha. Mwenye sakafu nzima hufagia mara moja, naye amekwisha. Mwenye sakafu yenye nyufa hufagia mara tatu, na uchafu ungali umo ndani. Kwa hiyo njia ya upesi ni ile imwangaliayo ufa kwanza.

Lakini tuanze na kazi ya kila siku, katika jiko la udongo. Kwanza, toa nje vitu vyote vilivyo chini: vyungu, vigoda, mbuzi ya nazi, nyungo na mitungi. Afagiaye kwa kuzunguka vyombo hujidanganya, maana huacha taka nyuma ya kila chombo. Pili, palipomwagika mafuta au mchuzi, nyunyiza majivu makavu yaliyopoa, uyaache yanywe mafuta yale huku ukiosha vyombo. Tatu, nyunyiza maji kwa vidole, yawe kama umande, usiyamwage. Kata moja yatosha jiko zima. Maji yakimwagwa juu ya udongo hufanya tope, na tope likikauka hupasuka. Hivyo wajitengenezea kazi ya kesho. Nne, vumbi likiisha kutulia, fagia kwa fagio la chelewa, ukianzia pembe ya ndani na kuelekea mlangoni. Usiliinue fagio juu, bali ulivute chini chini. Taka zipelekwe shimoni saa ileile, zisilale nyuma ya mlango. Kazi yote hii haizidi muda wa chungu cha maji kuchemka.

Habari za maji nilijifunza zaidi kwa wenzetu wa Newala, walioko juu ya uwanda wa Wamakonde. Huko maji yalikuwa shida tangu zamani. Kabla ya maji ya bomba kupandishwa mlimani katika miaka ya 1950, wanawake walishuka mabondeni kwenye chemchemi, wakapanda tena mtelemko ule mkali na mitungi kichwani. Watu wa namna hiyo hawawezi kumwaga maji ovyo. Nilimwona bibi mmoja wa huko akisafisha jiko lake kwa maji ya kifuu kimoja, na jiko likapendeza kuliko majiko ya walio kando ya mto. Basi akina mama, ndoo iliyookolewa jikoni ni safari moja aliyopunguziwa binti, naye atawahi shule pamoja na ndugu zake wa kiume.

Sasa tuje kwenye ufa. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa sakafu una madhara mengine, nayo ni kile kinachokaa ndani yake.

Nilipokuwa msichana nilikaa nyumbani kwa mama mdogo, ambaye alikuwa msafi kuwapita wote mtaani. Kila alfajiri sauti ya fagio lake iliwaamsha majirani. Wakati wa kipupwe mwanawe mdogo alilala jikoni, juu ya mkeka kando ya mafiga, kwa ajili ya joto. Akashikwa na homa kali. Baada ya siku chache homa ikamwacha, watu wakamshukuru Mungu. Baada ya juma moja ikarudi. Ikamwacha, ikarudi tena, na mtoto akakonda hata mbavu zikahesabika. Majirani wakaanza kunong'ona maneno ya uchawi, wakitaja na jina la mzee mmoja asiye na hatia. Mtoto alipopimwa damu hospitalini ndipo ilipojulikana kwamba ni homa ya papasi.

Mjomba alikuja siku ileile. Akachukua taa na kijiti, akapiga magoti, akachokoa nyufa za sakafu karibu na mafiga. Papasi wakatoka mmoja mmoja, wenye rangi ya vumbi, waliokuwa wamejibanza humo kama kunde ndani ya ganda. Mama mdogo akalia sana. Hakulia kwa hofu peke yake. Alilia kwa kuwa aliona kazi yake ya miaka mingi imekuwa bure. Mjomba akamwambia, "Mdogo wangu, fagio lako halina kosa. Fagio hupita juu ya ufa, haliingii ndani." Mtoto alipewa dawa akapona. Sakafu ilichimbwa, ikashindiliwa upya, ikasiribwa, na mtoto akatafutiwa kitanda katika chumba kingine. Yule mzee aliyenong'onewa uchawi aliendelea kupita njia yake, na wengine waliomsema waliona haya kumsalimu.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kuijua habari hii zamani. Mwaka 1905 daktari Mjerumani, Robert Koch, alionyesha katika nchi yetu hii kwamba papasi ndiye aletaye homa hiyo. Mwaka uleule Mwingereza Dutton na Mkanada Todd walithibitisha jambo hilohilo katika nchi ya Kongo, na Dutton akafa huko kwa ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza. Papasi hujificha mchana ufani, hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi bila ya kumwamsha, kisha hurudi mahali pake. Aweza kukaa miaka pasipo chakula akimngoja mtu. Homa yake ni hatari zaidi kwa mwenye mimba, maana yaweza kumharibu mtoto tumboni. Kadiri nyumba zilivyozidi kuwa bora, homa hii imepungua sana. Lakini dawa ya sakafu ni ileile, kutomwachia nyumba.

Na funza hali kadhalika. Yeye si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa na meli kutoka Brazil, ikafika Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kuvuka bara hata pwani yetu. Watoto wake hukua katika vumbi kavu na mchanga wa sakafuni, kisha wakubwa huingia katika vidole vya watoto wetu. Kwa hiyo mnyunyizo ule mdogo wa maji na sakafu iliyosiribwa ni ulinzi wa miguu.

Kuziba ufa si kazi ngumu. Kila Jumamosi pita na taa jikoni, uangalie hasa kando ya mafiga, chini ya kuta na karibu na kizingiti. Chukua udongo wa kichuguu, uutwange, uuchekeche, uuchanganye na majivu kidogo na maji hata uwe kama ugali laini. Lowesha ufa kwanza, kwa maana udongo mbichi haushikani na udongo mkavu. Shindilia kwa kijiti mpaka chini, kisha lainisha kwa jiwe la mtoni. Ukikauka na kupasuka tena, rudia kwa udongo mwembamba zaidi. Mara moja kwa mwezi siriba sakafu yote kwa tope jepesi la udongo uleule, ukianzia ndani na kutokea mlangoni. Kuku nao watafutiwe banda lao, wasilale jikoni.

Katika msimu wa korosho pana uchafu mwingine, nao ni wa kwetu sisi watu wa kusini. Wengi hukaanga korosho jikoni ili wazibangue. Maganda yake hutoa mafuta meusi makali yanayochoma ngozi, na mtoto atambaaye akiyagusa hutoka malengelenge. Maji hayayaondoi mafuta hayo, bali huyatawanya. Mwagia mchanga mkavu au majivu, kwangua kwa jembe kuukuu, zika taka zile mbali na watoto, ndipo uoshe mahali pale kwa sabuni kama ni sakafu ya saruji; kama ni ya udongo, ondoa udongo ule ulioloa na kuujaza mwingine. Lililo bora ni kukaangia nje, moshi ukipeperushwa mbali na nyumba.

Wazee wengine hukataza kufagia usiku, wakisema riziki hutoka pamoja na taka. Mimi nadhani palikuwa na hekima ndani yake, kwa kuwa gizani mtu aweza kutupa senti yake au pete yake pasipo kujua. Lakini katika Injili ya Luka Bwana wetu alitoa mfano wa mwanamke aliyepotelewa na kipande kimoja cha fedha kati ya vipande kumi. Mwanamke yule hakungoja asubuhi. Aliwasha taa kwanza, ndipo akafagia na kutafuta mpaka akakiona. Nimeutafakari sana utaratibu wake: taa hutangulia, fagio hufuata. Atazamaye vizuri hufagia kidogo.

Sasa nina neno kwa akina baba, nao wasikasirike. Korosho zikiisha kuuzwa, mwenye nyumba hununua saruji. Husakafia baraza, kisha sebule, ambamo mgeni huketi saa moja kwa juma. Jiko la nyuma, ambamo mkewe hufanya kazi kutwa na watoto hutambaa, hubaki na udongo mwaka baada ya mwaka. Huko Meksiko, katika jimbo la Coahuila, mwaka 2000 serikali ilianza kuwapa maskini saruji ya kusakafia nyumba zao. Wachunguzi walipolinganisha nyumba hizo na nyingine, wakatangaza habari zake mwaka 2009, waliona kwamba watoto wa sakafu ya saruji walipungukiwa na minyoo, kuhara na ukosefu wa damu, na mama zao walikuwa na furaha zaidi. Basi, baba, mfuko wa kwanza wa saruji uende jikoni. Mgeni mwema hatakudharau kwa kuketi juu ya sakafu ya udongo uliosiribwa vizuri.

Na wewe mama uliyekwisha kupata sakafu ya saruji, usidhani kwamba kazi imekwisha. Fagia kwanza, ndipo upige deki; maji juu ya taka hufanya tope. Tumia ndoo mbili, moja ya maji ya moto yenye sabuni, nyingine ya maji safi ya kusuuzia tambara. Likamue sana, rudi nyuma ukielekea mlangoni, uache pakauke kabla ya watu kupita. Kama watumia dawa ya dukani yenye klorini, usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo wala siki, kwa maana hutoa hewa ya sumu. Na saruji nayo hupasuka. Ufa wake uzibwe upesi vilevile.

Hizi ndizo njia nizijuazo. Hazihitaji fedha nyingi, ila jicho la kila siku na mkono usiochelewa. Watoto wetu huishi chini kabla ya kuishi juu: huko hutambaa, huko huokota punje wakaitia kinywani, huko husinzia wakimngoja mama aivishe. Kwa ajili yao sakafu ya jikoni ni mahali pa heshima katika nyumba ya Mkristo, kama ilivyo meza. Jumamosi hii, kabla ya kwenda kuchota maji, washa taa uchungulie kando ya mafiga yako. Mungu azilinde nyumba zenu na wote walalao ndani yake.